Waliiozesha Hata Sauti Yangu

Nilizaliwa Ileje, milimani upande wa Ibaba, kwa wazazi Wandali, nikaolewa Tunduma kwa Wanyamwanga. Nimekaa kwao zaidi ya miaka arobaini. Kinyamwanga nakisikia chote, na nakisema cha kutosha kununua, kuuza, kugombana na kuzika. Kiswahili ni cha kila mtu hapa mpakani. Lakini lugha ninayoota nayo ni Kindali, na katika nyumba yangu aliyeisikia alikuwa mmoja tu, mjukuu wangu wa kike, mtoto wa mwanangu mkubwa.

Huyo nilimlea mimi. Mama yake alikuwa akivuka mpaka kila asubuhi kwenda Nakonde, upande wa Zambia, kwenye biashara, akaniachia mtoto ana meno mawili. Nilimbeba mgongoni huku nachambua maharage, nikamsemesha Kindali, kwa sababu mtoto mdogo hamcheki mtu. Alipokua akawa ananijibu kwa Kiswahili, lakini kila nilichosema alikielewa. Nikimtuma kitu kwa Kindali mbele ya wageni, anakwenda na kurudi nacho, na wageni wanabaki kutazamana. Nilikuwa naringa, siwezi kuficha. Nilijua nikiugua sana na Kiswahili kikinitoka kichwani, yupo mtu atakayejua kwamba naomba maji.

Akasoma hadi chuo, akarudi na kazi. Kulikuwa na mradi wa kukusanya sauti za wazee wa mkoa wetu, kila mmoja aseme kwa lugha yake, sauti iwekwe kwenye kompyuta. Nilimuuliza ni nani huyo mwenye muda wa kumsikiliza kikongwe.

"Bibi, siku hizi hata kompyuta zinafundishwa kusikia lugha," akasema. "Ambayo haikuwekwa mapema haitajulikana."

"Na Kindali hawana?"

"Kidogo sana. Ndiyo maana nakuomba."

Nilikataa wiki nzima. Kisha nikakubali, na nilipokubali sikumpa hadithi ya sungura. Nilimpa kitu ambacho sikuwahi kumwambia mtu.

Mtoto wangu wa kwanza alikuwa wa kike, alifariki kabla hajajua kutembea. Mama yangu aliteremka kutoka Ileje, sehemu kubwa kwa miguu, akafika nyumba imejaa wanawake wa ukweni wanaolia kwa lugha yao. Yeye hakupiga kelele. Alikaa chini kando yangu, akamwinamia yule mtoto, akasema naye kama mtu anayemwelekeza mgeni. Alimwambia: umetangulia na njia huijui. Kaa hapo hapo, usiongee na mtu, bibi yako anakuja na nguo yako. Alisema mengi. Wanawake waliokuwamo hawakuelewa hata neno. Nilielewa mimi peke yangu, nikayashika.

Hayo ndiyo niliyoyasema kwenye kile kinasa sauti, kwa Kindali, kwa sauti ya kawaida kama mama alivyoyasema. Mjukuu wangu aliyasikiliza kichwa kimeinama. Nilipomaliza alifuta macho kwa kanga yangu. Kwa hiyo mtu asiniambie hakuelewa.

Siku hiyo hiyo mchana alifungua kompyuta mezani kwangu ili nione kazi inavyofungwa. Kila sauti inakwenda na maelezo yake kwenye jedwali: umri wa msemaji, mahali, kaya ni ya nani, lugha gani. Mimi nilisoma mpaka darasa la nne, herufi nazijua. Penye lugha yeye alikuwa ameandika Kindali, kama mtu yeyote angeandika. Akabonyeza, mstari ukawa mwekundu.

"Imekataa nini?" nikauliza.

"Haitaki jina, Bibi, inataka msimbo. Kila lugha duniani ina herufi zake tatu kwenye orodha ya kimataifa, kama pikipiki na namba yake. Wengine wameandika Kindali, wengine Ndali, mmoja ameandika 'Kindali cha Ileje.' Kompyuta inaona hizo ni lugha tatu. Basi nimetengeneza programu ndogo, inapita kila mstari. Herufi zikiwa hazimo kwenye orodha, inakataa."

"Na sisi tumo kwenye hiyo orodha?"

"Mmo."

Akaniandikia: ndh. Mstari ukawa kijani. Nilimwambia aniandikie na kwenye karatasi. Nikakaa nayo ile karatasi naiangalia. Serikali ilishanihesabu, kanisa lilishaniandika, na chama cha akina mama pia, na kote mimi ni mke wa fulani, Mnyamwanga. Sikulalamika, ndiyo desturi. Ng'ombe wa mahari wakishatoka, mwanamke ni wa kule ng'ombe walikotoka. Lakini siku ile nilijiona nimeandikwa nilivyo.

Ikapita miezi. Mradi ukaita watu kwenye ukumbi wa kanisa, mchana baada ya ibada, warudishe sauti kwa wenyewe wazisikie. Nilivaa vitenge vyangu vizuri. Nilikaa na wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, na wanawake wengine wa ukoo wao nyuma yetu. Mkubwa wa mradi, mwanamume aliyetoka mjini, alisimama mbele akaeleza mengi. Mjukuu wangu alikuwa kwenye meza ya pembeni anaendesha ile kompyuta. Ukutani pakawa panaonekana maandishi.

Yule mkubwa akasema, "Sasa tumsikie mama mmoja wa Tunduma, Mnyamwanga, akizungumza kwa Kinyamwanga fasaha."

Nikatazama ni nani. Ikatoka sauti yangu.

Watu walinyamaza wanasikiliza. Nyuma yangu mmoja akauliza, "Hii ni lugha gani?" Mwingine akasema, "Si wamesema ni yetu?" Kicheko kikaanza kidogo kidogo, kama chungu kinachoanza kuchemka.

"Labda alikuwa na ugali mdomoni."

"Fasaha hiyo! Miaka yote amekula vyetu, lugha ikamshinda!"

Wifi yangu akanigusa goti, anacheka hadi machozi. "Mke wetu, hicho ndicho Kinyamwanga tulichokufundisha? Umetuaibisha mbele ya wageni!"

Na sauti yangu ikiendelea. Ilikuwa imefika pale mama anapomwambia mtoto asiongee na mtu.

Sikuwakasirikia wale wanawake. Waliambiwa ni lugha yao, wakasikia si yao, wakacheka. Hata mimi ningecheka. Niliangalia ukutani. Penye lugha paliandikwa mwn, si ndh. Nikaangalia meza ya pembeni. Mjukuu wangu alikuwa ameinamisha uso kwenye kompyuta, na mkono wake ulikuwa pale pale ambapo angebonyeza mara moja sauti ikanyamaza. Hakubonyeza. Hakusimama kusema, "Samahani, hiki ni Kindali." Aliacha mpaka mwisho. Watu wakapiga makofi, wengine bado wanacheka.

Nilitoka sikuaga.

Mjukuu wangu alifika nyumbani kabla sijavua viatu. Alibaki mlangoni.

"Shikamoo, Bibi."

Sikumwitikia. Nikamwambia akae. Akakaa kwenye kigoda, si kwenye kiti.

"Pale palikuwa na ndh. Niliona kwa macho yangu. Nani ameitoa?"

"Bibi, ni programu..."

"Programu ina mikono?"

Akaeleza, na nitayaandika kama alivyoyasema, maana sitaki kumwongezea. Siku ya kutuma kazi ilikuwa imekaribia, na mistari mingi ya wanawake ilikuwa bado myekundu. Waliojaza fomu vijijini wengine waliacha wazi penye lugha, wengine waliandika hovyo. Lakini penye kaya palikuwa pamejazwa pote, kwa sababu kila mtu anajua kaya ni ya nani. Basi akaandika amri moja: soma kaya, halafu ujaze lugha ya kaya. Kaya ya Mnyamwanga, Kinyamwanga. Kaya ya Mnyiha, Kinyiha. Akabonyeza mara moja. Mistari yote ikawa kijani.

"Yote? Hata ile iliyokuwa sahihi?"

"Amri ilipita juu ya yote, Bibi."

"Kwa hiyo kila mwanamke aliyeolewa hapa..."

"Amepewa lugha ya mume."

Hapo nikacheka mimi, kicheko kibaya. Nilikuwa nadhani mambo ya kuozesha wanawake kwenye karatasi ni ya wazee wasiosoma. Kumbe aliyesoma hadi chuo, akikwama, anarudi kule kule, ila yeye anawaozesha wote kwa kidole kimoja.

"Hukuona kwamba na mimi nimo?"

Kuku alipita mlangoni akaingia hadi katikati ya sebule, hakuna aliyemfukuza.

"Niliona," akasema.

"Lini?"

"Siku ile ile. Nikasema nitarudi kurekebisha."

"Ukarudi?"

"Sikurudi. Programu ilikuwa imepitisha kila mstari. Mkubwa alinisifia mbele ya wenzangu kwamba nimemaliza wa kwanza. Ningerudi ningelazimika kumwambia kwamba zote nimezijaza kwa kukisia."

Nimekaa mpakani nikifanya biashara ya nafaka, nimeona mengi. Nikamwambia, "Hapo barabarani malori yamepanga foleni. Lori linaweza kubeba mahindi na karatasi ikasema mbolea, muhuri upo, saini ipo. Askari mvivu anaangalia muhuri anapitisha. Askari wa kweli anafungua turubai. Hiyo programu yako ni askari gani?"

"Inaangalia muhuri tu, Bibi. Inauliza kama herufi zimo kwenye orodha. Haiwezi kujua kama ni za kweli."

"Basi haikunidanganya. Haina kosa. Aliyejua ndani ya turubai kuna nini ni wewe."

Akaanza kulia. Sikumkataza na sikumbembeleza.

Kesho yake wifi yangu alikuja. Alikuwa amesikia kwamba ile haikuwa Kinyamwanga. Nilidhani anakuja kuomba radhi kwa vicheko, maana siku mama yangu alipomwinamia yule mtoto, yeye wifi alikuwamo chumbani, bado msichana. Nikamwambia yale maneno yalikuwa yapi. Alishika shavu, akasema, "Jamani. Sikujua." Halafu akasema lile ambalo sikulitegemea.

"Lakini hata hivyo, mke wetu, kuna ubaya gani? Ng'ombe wetu walikwenda Ileje, wewe ukaja. Umezaa kwetu, umezika kwetu. Ukifa tutakuzika kwetu. Na sauti ni yetu. Iache hapo."

"Ng'ombe hawakununua ulimi," nikamwambia.

"Usinijibu hivyo. Nakwambia kwa upendo."

"Najua ni kwa upendo. Ndiyo maana bado nimekupa chai."

Jirani yangu mmoja ni Mbemba, aliolewa hapa kutoka ng'ambo ya mpaka. Naye alirekodiwa. Nilikwenda kumweleza, alikuwa anaanika dagaa kwenye mkeka. Hakuacha hata kuanika.

"Bamayo, acha tu," akasema, akiniita mama kwa Kibemba chake. "Mimi kwenye kitambulisho hata mwaka wa kuzaliwa si wangu. Kule nyumbani wananiita Mtanzania, huku wananiita Mzambia. Wakiniongezea Mnyamwanga wananisaidia!"

Tukacheka. Kisha akageuza dagaa mmoja, akasema bila kunitazama, "Mimi niliwaimbia wimbo wa kutwanga wa mama yangu. Nao umeandikwa hivyo?"

"Hivyo hivyo."

"Basi waurudishe kwa mama."

Nilirudi nyumbani nikatafuta karatasi ya ridhaa niliyosaini wakati wa kurekodi. Niliisoma polepole na kidole. Ilisema msemaji anaweza kuondoa sauti yake wakati wowote bila kutoa sababu. Nikamwita mjukuu wangu.

"Una njia mbili. Unitoe mimi, na yule Mbemba, na kila mwanamke atakayenisikiliza, na nitawatembelea mmoja mmoja, miguu ninayo. Au ukae hapa, tufungue sauti ya kila mwanamke uliyemjaza kwa kaya, usikie, uandike lugha yake."

"Bibi, ni nyingi."

"Ulizijaza kwa kubonyeza mara moja. Sasa uzijaze kwa masikio."

"Itabidi nimwambie mkubwa."

"Hiyo ndiyo adhabu yenyewe. Hii nyingine ni kazi tu."

Alimpigia mbele yangu. Alisema ukweli wote. Yule mkubwa alikasirika, nilimsikia. Mwisho akasema orodha iliyotumwa inaweza kurekebishwa ikitumwa upya, ila sauti zile zimekwisha kupakuliwa na watu wa mbali, na nakala zao hazirudishwi. Kwa hiyo mahali fulani, ambapo sitafika, kuna kompyuta inafundishwa kwamba maneno ya mama yangu ni Kinyamwanga. Hilo halitatoka. Nalijua na naishi nalo.

Tulikaa siku nne, kuanzia asubuhi hadi jua linapoegemea. Yeye anafungua, mimi nasikiliza. Nyingine nilizijua neno la kwanza: huyu Mnyiha, huyu Msafwa, huyu ni Mlambya na nadhani namjua hata mama yake. Nyingine sikuzijua, na nilimkataza kukisia. Tulimpigia mwenyewe simu tukamuuliza, "Mama, siku ile ulisema lugha gani?" Mmoja wa Mkwajuni alishangaa sana. Akauliza, "Kwani mnataka ya nyumba au ya kwangu?" Mjukuu wangu akamjibu, "Ya kwako, mama." Yule mama akakaa kimya hadi tukadhani mtandao umekatika. Kisha akaitaja.

Siku ya nne aliongeza safu mpya kwenye jedwali, akaiita "mwenyewe amesema." Akairekebisha na ile programu. Sasa haitoshi herufi kuwamo kwenye orodha. Kama penye mwenyewe amesema ni patupu, mstari unabaki mwekundu hata herufi ziwe nzuri namna gani, na amri ya kaya haiwezi tena kupita juu. Alinionyesha kwa kufuta pangu. Mstari wangu ukawa mwekundu. Nikamwambia arudishe haraka. Akacheka kidogo, mimi sikucheka.

Kazi ikatumwa upya. Nilisoma mwenyewe: mimi ndh, jirani yangu bem. Nilikwenda kumwambia jirani. Alinipa dagaa kwenye mfuko, akasema nimekuwa wakili. Wifi yangu yeye alikaa wiki mbili hajakanyaga kwangu, kisha akaja kana kwamba hakuna kitu, na mimi nikampokea hivyo hivyo. Sisi wazee tunajua kukaa na jambo bila kuligusa.

Mjukuu wangu hajui. Yeye alitaka liguswe lipone. Asubuhi aliyokuwa anaondoka kwenda kituo chao kingine, alikuja na begi begani na kile kinasa sauti mkononi. Siku ile ya kurekodi nilimwambia kwamba maneno ya mama yangu hayakuishia pale. Alisema mengine siku ya kurudi Ileje, aliposimama kwenye kaburi dogo kuaga, na hayo nilimwahidi nitamrekodia siku nyingine.

"Bibi, tumalizie yale," akasema. "Safari hii nitayaandika vizuri."

"Najua utayaandika vizuri."

"Basi?"

"Hapana."

Aliweka begi chini. Akapiga magoti kwenye saruji, akashika miguu yangu, akaniomba radhi. Aliniomba kwa Kindali. Tangu ana meno mawili sijawahi kumsikia akinijibu kwa Kindali, nilidhani kinaingia tu hakitoki. Kumbe kilikuwamo chote. Alisema kirefu, maneno ya heshima yote mahali pake, hata ule upole wa kushusha sauti mwishoni ambao mama yangu alikuwa nao na ambao mimi nimeupoteza kwa kukaa mjini. Hakukwama popote.

Nilimsikiliza hadi mwisho. Ningependa kuandika kwamba moyo wangu ulilainika. Nilichofikiri ni kwamba angekuwa hajui, ningemsamehe pale ukumbini, kabla makofi hayajaisha. Mtu anayeijua lugha yangu kwa ufasaha huu ndiye aliyekaa mezani akaisikiliza ikichekwa.

Nikamwambia kwa Kiswahili ainuke, basi la Vwawa halimsubiri mtu.